Aliyefunga Bwawa la Ghislaine

Mtaani kwetu Repentigny, mtu akitaka kujua nyumba ni ya nani hana haja ya kusoma jina kwenye sanduku la barua. Anangoja mwezi wa kumi, majani yakishakuwa mekundu, achungulie uani aone nani anayelifunga bwawa la kuogelea. Anayeshusha maji, anayebeba pampu kuipeleka chumba cha chini, anayekaza waya wa turubai kabla ya barafu, huyo ndiye mwenye nyumba. Mengine ni makaratasi.

Kwa kipimo hicho, nyumba ya Ghislaine Trépanier ilikuwa bado ya Normand, ingawa Normand na yeye walikwisha kuachana zamani, kwa talaka ya mahakamani, bila matusi wala sahani kuvunjwa. Normand alihamia ng'ambo ya mto, akaacha kila kitu, ila bwawa hakuliacha. Kila mwaka, Jumamosi ya kuelekea sikukuu ya Shukrani, gari lake la mizigo lilisimama mbele ya uzio, naye akapita geti la pembeni bila kubisha, sanduku la spana mkononi. Ghislaine alimshikia hiki, akampa kile, akamletea bakuli la supu ya njegere pale pale kwenye jukwaa la mbao kando ya bwawa, naye Normand akaila amesimama. Jioni aliondoka. Mwezi wa tano alirudi kulifungua, na katikati hapo hawakupigiana simu.

"Mwenzangu, wewe umeacha mume ukabaki na fundi," Pierrette Lamothe, jirani wa upande wa kushoto, alipenda kumwambia juu ya uzio. "Mimi mume ninaye, amelala ndani, na bwawa limeota ukijani."

Ghislaine alicheka tu. Ukweli ni kwamba hakulitaka jambo lile, wala hakulikataa. Kukataa hakukuwa kazi yake. Alikuwa ameuza maua maisha yake yote, dukani, nyuma ya kaunta, na kule alijifunza neno moja likamkaa mdomoni: ndiyo, bibi, yatafika kesho, ndiyo, bwana, yanadumu wiki nzima. Maua gani ya kudumu wiki nzima? Lakini mteja aliondoka ametabasamu, na Ghislaine alipenda watu waondoke wametabasamu. Duka alishaliacha, neno likabaki.

Halafu akaja Rosaire Pelletier. Walijuana ukumbini parokiani, kwenye ile ngoma ya kucheza kwa mistari ambapo wazee wote hugeuka upande mmoja na aliyekosea hujulikana mara moja. Rosaire alikuwa mgane, dereva mstaafu wa basi la shule, mtu wa kicheko kikubwa na mikono isiyotulia. Akikaribishwa kwa mtu, kahawa haijapoa ameshapata kitasa cha kukaza. Niliseme hili mapema, asije mtu akadhani Ghislaine alimhurumia: alimpenda. Siku za ngoma alizisubiri tangu Jumatatu, na viatu vipya alinunua.

Mwezi wa nane, kwenye karamu ya mahindi uani kwa Ghislaine, Rosaire alisimama, gunzi mkononi na siagi kidevuni, akatangaza mbele ya wachezaji wote:

"Mwaka huu bwawa hili nalifunga mimi. Bwana Normand apumzike sasa, amefanya kazi ya kutosha."

Watu wakapiga makofi. Mmoja akauliza, "Na ufunguo wa mlango wa mbele unapewa lini?" Wakaangua kicheko, na macho yote yakamgeukia Ghislaine.

"Ndiyo," akasema Ghislaine. "Vizuri."

Wageni walipoondoka, wakiwa wanaosha vyombo, Rosaire aliweka kitambaa chini.

"Nataka kuiacha ile nyumba ya kupanga kule Joliette, nihamie kwako kabla ya theluji. Lakini sikufichi, Ghislaine. Siwezi kulala kwenye nyumba ambayo mume wa zamani anaingia na kutoka apendavyo. Simchukii, ila siwezi. Unasemaje?"

"Ndiyo."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo, hamia."

Rosaire akamkumbatia na mikono yake imejaa povu. Ghislaine akasikia joto na hofu kwa wakati mmoja, akaamua kusikiliza joto.

Mwezi wa tisa ukaingia, simu ikalia.

"Normand hapa. Jumamosi ya Shukrani, kama kawaida?"

Ghislaine alikuwa amejiandaa. Maneno alikuwa ameyajaribu hata mbele ya kioo cha bafuni. Lakini sauti ile ya kukwaruza ilimfanya amwone Normand kwenye nyumba yake ng'ambo ya mto, mtu asiye na mtoto, ndugu zake wote wako mbali kule Abitibi, mmoja wao amezikwa mwaka ule ule. Akawaza kwamba akimwondolea bwawa atakuwa amemwondolea kitu cha mwisho kinachomfanya atoke nyumbani.

"Ndiyo," akasema. "Kama kawaida."

Basi bwawa likawa moja na ndiyo zikawa mbili, na Jumamosi ni ile ile. Ghislaine akakosa usingizi. Akimwambia Normand asije, atamvunja moyo. Akimwacha aje, Rosaire atabaki Joliette na viatu vipya vya ngoma vitabaki kwenye boksi. Mchana alijitia hamnazo, usiku akahesabu dari.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi Rosaire alikwenda msituni La Tuque na shemeji yake kuwinda orinyali, yule kulungu mkubwa kuliko farasi ambaye kwa ajili yake wanaume wa huku huacha kazi, mke na hata harusi za watoto wao. Alisema atarudi Ijumaa, na Jumamosi asubuhi atakuwa uani na gambuti miguuni. Jumatano redio ikasema baridi ya kugandisha iko njiani. Ghislaine alikuwa jikoni anamenya karoti. Akaweka kisu. Wazo lilimjia jepesi kabisa, akashangaa lilikuwa wapi siku zote: bwawa likiwa limeshafungwa, watagombania nini?

Akavaa sweta mbili, akatoka.

Kwanza alisimama tu kando ya maji, mikono kiunoni, akijiuliza aanzie wapi. Halafu mikono ikaanza yenyewe. Alichukua wavu wa mpini mrefu akayavua majani ya mti wa jirani, akasugua kuta kwa brashi, akazunguka akimwaga dawa ya majira ya baridi na kuiacha pampu iyachanganye maji. Alishusha maji mpaka chini ya mdomo wa kunyonyea, akakoma hapo hapo, maana ukiyamaliza, ukuta wa bati wa bwawa hujikunja kwa uzito wa theluji. Akavua mabomba. Alilala kifudifudi juu ya jukwaa, akatumbukiza mkono mpaka begani kuziba tundu la kurudishia maji kwa kizibo cha mpira, na maji yalikuwa ya baridi kiasi kwamba alipiga ukelele, kisha akacheka peke yake.

Hakuna alichokuwa hajui. Hilo ndilo lililomshangaza. Miaka yote alijiona ni mtu wa kushika tochi. Lakini mtu anayempa fundi spana kabla hajaiomba anajua kinachofuata, na Ghislaine alikuwa akimpa Normand spana kabla hajaiomba tangu enzi za ndoa. Kila kitu alikuwa nacho kichwani, kwa mpangilio. Hakuna aliyewahi kumuuliza, na yeye hakuwahi kujiuliza.

Taabu ilikuwa turubai. Mto mkubwa wa mpira, kama wa kulalia, unaokaa chini ya turubai, aliujaza upepo kwa pampu ya godoro, akaufunga kamba pande mbili ukae katikati ya maji, ili barafu ikitanuka iubinye mto na si ukuta. Lakini turubai ni kazi ya watu wawili, na upepo ulikuwa umeamka. Alishika upande huu, upande ule ukaruka. Alikimbilia ule, huu ukamfunika kichwa. Normand alikuwa na kawaida ya kulitukana turubai kwa majina ya vitu vyote vya kanisani, kama baba zake walivyofanya. Ghislaine hakutukana. Alikwenda kwenye kamba ya kuanikia, akarudi na kikapu cha vibanio vya nguo, akawa anabana ukingo kidogo kidogo huku anazunguka, mzunguko mmoja, wa pili, mpaka turubai lote likatulia. Akapitisha waya, akaukaza mpaka ukalia.

"Nani amekutuma?" Pierrette alikuwa ameegemea uzio, reki mkononi, na ilionekana wazi kwamba hakuwa amekokota jani hata moja.

"Sijatumwa."

"Umelifunga peke yako?"

"Pierrette, nakuomba. Usimwambie mtu."

"Mimi? Mimi ni kaburi."

Ni kaburi lenye madirisha, lakini Ghislaine hakuwa na la kufanya. Aliketi kwenye ngazi ya jukwaa, mikono imekufa ganzi, sweta imelowa. Alikuwa na furaha. Si ile furaha ya kumwona mtu ametabasamu. Hii ilikuwa yake mwenyewe, haikupitia kwa mtu mwingine, na alitaka kukaa nayo pale mpaka giza. Kisha akakumbuka kwamba atalazimika kulieleza jambo hili, na furaha ikaingia mchanga.

Kwa Normand alipiga simu jioni ile ile. Alikusudia kusema kweli. Alipofungua mdomo akaona jinsi itakavyosikika: sikukuhitaji, sijakuhitaji kamwe. Akaona uongo una huruma zaidi.

"Usihangaike Jumamosi. Rosaire ameshalifunga."

"Aha," Normand akasema. "Haya. Sawa." Akakata, bila hata utani wake wa kuaga.

Ijumaa Rosaire alirudi na ndevu na kontena la nyama. Kabla hajavua koti alikwenda kwenye dirisha la jikoni, akaliona turubai limetandazwa, limekazwa, hakuna hata kunyanzi.

"Kwa hiyo alikuja," akasema.

Hapo Ghislaine angeweza kusema. Lakini Rosaire alikuwa amejitangaza mbele ya wachezaji wenzake wote, na kati ya kushindwa na mume wa zamani na kushindwa na mwanamke mwenyewe anayetaka kuhamia kwake, Ghislaine alidhani lile la kwanza mwanaume analijua, ameliona kwa wengine, atalimeza. La pili hakujua lingetua vipi. Akageukia sinki.

"Mh," akasema.

Rosaire aliichukua mh ile akaitia mfukoni. Hakugomba. Aliweka nyama kwenye friji, akasema kesho atakuja kupima ukuta wa sebuleni aone kama kiti chake kitaenea, akaondoka, na gari likakata kona bila kicheko chake kusikika.

Jumamosi alikuja kweli, na futi kamba. Alikuwa anapima ukuta huku anapiga mluzi kwa nguvu mno, mluzi wa mtu asiye na raha, gari la mizigo liliposimama nje. Geti la pembeni likalia. Normand akaingia uani mikono mitupu, na kwa kuwa hakuzoea kuingia pale bila sanduku la spana, hakujua mikono aiweke wapi.

Rosaire akaacha futi kamba sakafuni, akatoka. Ghislaine akamfuata na kitambaa cha vyombo.

"Bwana Normand."

"Bwana Rosaire. Sikuja kuleta fujo. Nilikuwa napita tu."

"Kutoka ng'ambo ya mto?"

"Nina mapito marefu."

Walisimama hivyo, tumbo kwa tumbo, wanaume wawili wa umri mmoja, makoti ya rangi moja. Halafu, kwa sababu hapakuwa na kingine cha kutazama, wakalitazama bwawa. Normand alipanda jukwaani, akabonyeza turubai kwa kiganja.

"Nikiri," akasema kwa shida. "Mto umekaa katikati kabisa. Wangu huwa unakimbilia ukingoni."

Rosaire alidhani anajisifu. "Basi mwaka huu umejitahidi."

"Waya tu ndio umekazwa kupita kiasi."

"Kama umekazwa kupita kiasi, si ungeulegeza?"

"Niulegeze mimi?" Normand akageuka. "Niguse kazi ya mtu? Mimi nina adabu, bwana."

"Ya mtu gani?"

"Yako!"

"Yangu? Wiki nzima nilikuwa La Tuque, nimekaa juu ya mti, naigiza sauti ya orinyali jike."

"Na mimi Jumatano, siku aliyonipigia simu kwamba umelifunga, nilikuwa kwa daktari wa meno, mdomo wazi."

Wakatazamana. Upande wa pili wa uzio reki ikaanguka, na kaburi likapasuka.

"Enyi wazee!" Pierrette alikuwa analia kwa kucheka. "Mnamtafuta mwanaume gani hapo? Jumatano uani humu hapakuwa na suruali hata moja!"

Vichwa viwili vikamgeukia Ghislaine. Alikikunja kitambaa, akakikunjua. Kwa mara ya kwanza hakukuwa na ndiyo ya kumwokoa, maana hakuna aliyemuuliza swali.

"Nililifunga mimi," akasema.

Alitarajia hasira. Alitarajia Rosaire aende kulichukua gari lake. Lililotokea hakulitarajia hata kidogo.

"Peke yako?" akauliza Normand.

"Peke yangu."

"Turubai je? Na upepo wa Jumatano?"

"Nililibana kwa vibanio vya nguo."

"Vibanio vya nguo," Rosaire akarudia, akamtazama Normand.

"Maji ulishusha mpaka wapi?" Rosaire akamuuliza Ghislaine.

"Hapana, hatuwezi kujua hivihivi," Normand akasema. "Lazima tulifunue tuangalie."

"Lazima," Rosaire akasema.

Normand akachutama kwenye kikaza waya. Rosaire, ambaye dakika moja kabla alikuwa hataki hata kivuli cha mtu huyu, akazunguka upande wa pili akashika ukingo. Shika hapo, bwana. Nimeshika. Angalia usije ukaupasua. Siupasui, wewe legeza tu. Walikuwa wameelewana ghafla kama waliosoma pamoja, na hakuna kati yao aliyekuwa anamwona Ghislaine tena.

Hasira zikampanda kutoka miguuni. Hakuwa na mazoea nazo, hakujua hata zinawekwa wapi.

"Hapana," akasema.

Hawakusikia. Au walisikia, wakadhani ni mtu mwingine.

"Hapana!" Akapanda jukwaani, akaweka kiganja chake juu ya kikaza waya, juu ya vidole vya Normand. "Ondoeni mikono. Nyote wawili. Halifunuliwi."

"Ghislaine, ni kwa faida yako," Normand akasema kwa upole. "Ukikosea kidogo tu, ukuta unajikunja, mwezi wa tano huna bwawa."

"Basi mwezi wa tano sitakuwa na bwawa, na kosa litakuwa langu. Niachieni hata hilo."

Rosaire aliachia ukingo. Normand aliondoa vidole kimoja kimoja, akasimama, magoti yakalia.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua kulifunga," akasema. "Tangu lini?"

"Tangu zamani, nadhani. Nimelijua Jumatano."

"Na hukuniambia nisije?"

"Nilidhani unahitaji kuja." Sauti yake ilishuka. "Miaka ya mwanzo nilifurahi ukija. Halafu ikawa ni kawaida tu. Halafu sikujua namna ya kukwambia. Nilidhani huna pengine pa kwenda."

Uso wa Normand haukuwa wa hasira. Ulikuwa wa mtu aliyeamshwa vibaya.

"Ndugu zangu wanapanda kambini kuwinda wiki hii hii," akasema. "Kila mwaka. Kila mwaka walinipigia simu, unakuja? Nikawaambia siwezi, Ghislaine ana bwawa, hana mtu. Walinicheka. Gervais alikuwa ananiwekea kitanda hata hivyo, endapo nitabadili mawazo. Alikiweka mpaka mwaka jana."

Gervais ndiye yule aliyezikwa mwezi wa tatu. Ghislaine alituma maua, tena mazuri, aliyachagua mwenyewe.

"Normand. Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa unasema ndiyo kila nikikuuliza. Nilidhani unanisubiri."

Hata Pierrette aliokota reki yake akaingia ndani, na hilo halijawahi kutokea tena mtaani kwetu. Ghislaine alihisi aibu nzito, si ya uongo wa wiki ile, bali ya zile ndiyo zote alizozigawa kwa huruma akidhani hazimgharimu mtu. Hizi zilimgharimu Normand ndugu yake. Alitaka kuomba radhi, maneno yakawa madogo.

"Samahani," akasema hata hivyo.

"Na mimi ningeweza kuuliza vizuri." Normand akashuka jukwaani. Alifika getini, akasita, akageuka. "Waya umekazwa kupita kiasi, Ghislaine. Hilo nalisema kwa nia njema."

"Nitaulegeza."

"Wewe mwenyewe."

"Mimi mwenyewe."

Akaitikia kwa kichwa, akatoka, akalifunga geti nyuma yake taratibu, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

Walibaki wawili. Jani moja jekundu liliangukia katikati ya turubai, juu ya kilima cha mto, Rosaire akanyoosha mkono kuliondoa, halafu akaurudisha mkono mfukoni. Ghislaine aliona jinsi ilivyomgharimu kuutuliza ule mkono. Alimwonea huruma, na huruma ile ile ikaanza kumtafutia neno la kumfurahisha. Alilizuia.

"Nimesikia yote," Rosaire akasema bila kumtazama.

"Najua."

"Nataka kukuuliza kitu. Usinijibu haraka. Ile siku tunaosha vyombo, nilipokuuliza kama nihamie hapa. Ile ndiyo uliyonipa ilikuwa yako, au ilikuwa kama hii ya Normand?"

Neno lilimjia mdomoni papo hapo, limeiva, tayari. Ilikuwa rahisi sana kulitoa. Rosaire angemkumbatia, futi kamba ingeokotwa, kiti kingeletwa. Ghislaine alilishika kwa meno. Alifikiri. Alimfikiria Rosaire ukumbini, kicheko chake, na jinsi nyumba inavyokuwa na joto akiwa ndani. Akafikiria mikono yake kwenye vitasa vyote, kwenye kabati, kwenye bomba, kwenye bwawa, na yeye amesimama kando na kitambaa, anampa spana. Akaifikiria Jumatano.

"Ilikuwa kama ya Normand," akasema. Ilimuuma kulisema, aliona linavyoingia. "Nakupenda, Rosaire. Hilo si la huruma. Lakini kuhamia, hapana. Si baridi hii. Ndiyo kwanza nimeijua nyumba yangu."

Rosaire aliinamisha kichwa. Kofia ilizunguka mikononi mwake, na Ghislaine alikuwa na hakika kwamba amempoteza. Aliogopa vibaya sana, lakini hakuongeza neno lolote la kulainisha.

"Itabidi niwaambie wenye nyumba ile kule Joliette kwamba sitoki," Rosaire akasema hatimaye.

"Ndiyo."

"Na wale wa ukumbini watanicheka mpaka Krismasi."

"Watakucheka."

Akavaa kofia. Alishuka ngazi ya jukwaa, akafika chini, akasimama.

"Na kesho?" akauliza. "Nyama ninayo. Nije tule?"

Ghislaine hakujibu haraka. Alijiuliza kwanza, kwa haki kabisa, kama mtu anayepapasa mfukoni kabla ya kuahidi.

"Ndiyo," akasema. "Kesho njoo."

Rosaire akamtazama usoni, kwa makini, akitafuta. Kisha mabega yake yakashuka.

"Hiyo," akasema, "nimeiamini."